Bolti ya Sita

Injini ya gari dogo unaweza kuishusha peke yako, ukiwa na winchi ya mnyororo, mgongo mzima na siku isiyo na wageni. Injini ya fowili, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye giaboksi ya otomatiki, ni kazi ya watu wawili. Si kwa ajili ya uzito, uzito utabebwa na mnyororo. Ni kwa ajili ya bolti sita.

Kati ya injini na giaboksi ya namna hiyo kuna dude la mviringo, nene kama sufuria la harusini, limejaa mafuta mekundu. Sisi tunaliita konveta. Makao yake ni ndani ya giaboksi, lakini limefungwa kwenye injini kwa bolti sita, na bolti hizo huzioni ila kwa kidirisha kidogo chenye kifuniko huko chini, moja moja. Ukishafungua moja, lazima mtu aizungushe injini kwa mkono kutoka mbele ndipo nyingine ije dirishani. Kwa hiyo mmoja anasimama mbele na spana ndefu, mwingine amelala chini na racheti. Wa chini anasema "leta", wa mbele anazungusha. Wa chini anasema "hapo", wa mbele anashikilia. Bolti ikitoka inaingia koponi, ngwi, na wa chini anaitaja namba yake. Zikitimia sita, unavuta. Ukivuta zikiwa tano, konveta inaifuata injini kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake, inang'oa pampu ya giaboksi, na gari lililokuja na ugonjwa mmoja linaondoka na miwili.

Kwa miaka ishirini na miwili wa mbele nilikuwa mimi. Wa chini alikuwa Kimya.

Mimi wananiita Redio, na sijawahi kukutana na mtu aliyeuliza kwa nini. Banda letu halikukosa watu. Alikuwepo mwenye gari, alikuwepo asiye na gari, alikuwepo aliyekuja kuazima jeki asubuhi na saa tisa bado yupo, jeki ameikalia. Nilijua nani kaposa, nani kaposwa na nani kajiposa mwenyewe. Kimya alikuwa chini ya gari, kwenye katoni lake, viatu nje. Kwa siku alisema maneno kama kumi, na sita kati ya hayo yalikuwa namba. Akifika "sita" tulikuwa tunampigia makofi, tunasema mzee amemaliza hotuba.

Siku moja mvua ilitufungia ndani ya gari la mteja, bati linapigwa hata sauti yangu mwenyewe siisikii, nikanyamaza. Nadhani ndiyo sababu aliniambia. Alichagua dakika ambayo nimenyamaza.

"Macho yangu yanaondoka," alisema. "Mwaka sasa. Nafanya kazi kwa vidole."

Nikamtazama. Mwaka mzima nilikuwa mbele yake na sikuona kitu.

"Usimwambie mtu," akasema.

Nilikaa nalo siku tatu. Kwa mtu kama mimi siku tatu ni kama mwingine kukaa bila maji. Siku ya nne tulikuwa kwenye benchi la Mama Chai, ng'ambo ya barabara, na Mchomeleaji alikuwa anamsifu fundi mmoja wa mjini mwenye mashine ya kupima injini. Hapo sikuweza kujizuia. Nikasema, "Mashine! Mimi mtu wangu haoni hata mkono wake, na anafungua giaboksi yote kwa vidole, anaijua bolti kama mama anavyomjua mwanawe gizani!" Watu wakasema aa! Wakasema haiwezekani. Nikaongeza chumvi, nikaongeza pilipili. Nilisema kwa kumsifu. Hilo nitaapa popote. Lakini sifa nayo ikitoka mdomoni haichagui njia ya kupita, na hii ilipita kwenye kila banda la mtaa, na kila ilipopita iliacha sifa ikachukua maneno mengine.

Ijumaa akaja mteja, akasimama hapo mlangoni, funguo mkononi, akasema kwa sauti ya watu wote, "Nasikia fundi wako wa chini ni kipofu. Gari langu asiliguse."

Kimya alikuwa chini ya gari hilohilo.

Alijivuta nje kwenye katoni lake, taratibu. Akaenda kwenye ndoo, akanawa mpaka kwenye viwiko, akatandaza kitambaa chake juu ya meza na kuanza kupanga spana, moja baada ya nyingine, ndogo mpaka kubwa. Mimi muda wote huo nilikuwa naongea. Sikumbuki nilisema nini, lakini najua nilikuwa naongea, kwa sababu alipogeuka aligeukia sauti yangu.

"Uliwaambia," akasema.

Hakuuliza. Alifunga kitambaa, akavaa kandambili za kunawia, akatoka. Viatu vyake vya kazi alivisahau pale ukutani. Au hakuvisahau.

Hiyo ilikuwa miezi minane kabla ya Mkunga kuleta gari lake.

Miezi minane si mingi ukiisema. Ukae nayo ndiyo utaijua. Watu hawakunigombeza, wangenigombeza ningepona haraka. Walinyamaza tu. Nikifika kwa Mama Chai, habari iliyokuwa katikati ya benchi inageuka kuwa habari ya mvua. Mchomeleaji alikuwa anasema, "Funga dirisha, Redio imefika," na watu wanacheka, na mimi nacheka nao, kisha kila mtu anaitazama glasi yake. Mtu akiwa na siri hata ya kuku wake anangoja niondoke. Nikiomba mkono wa kusukuma gari, kila fundi ana kazi. Jioni narudi kwenye vyumba vyangu viwili, ambako mke wangu aliniacha mgane miaka mitatu iliyopita na wanangu wote wana kwao. Kulikuwa na vikombe vinane kabatini na kimoja tu ndicho kilichokuwa kinalowa. Niliwasha redio nikaiacha iseme na ukuta. Ndiyo, Redio na redio yake. Jirani alishafanya utani huo, umechelewa.

Sasa Mkunga. Huyu mama anaendesha fowili yake mwenyewe, sehemu ambazo barabara ni jina tu, kwa wanawake ambao uchungu wao hausubiri lami. Gari lilikuja limefungwa kamba nyuma ya lori. Nilisikiliza injini nusu dakika nikaizima. Ilikuwa inagonga ndani kabisa, kama mtu aliyefungiwa stoo.

"Lazima ishuke, mama," nikamwambia.

"Ishuke. Lakini sikuletei gari wewe, namletea Kimya. Wewe nakupa salamu."

"Haya, mama."

"Yupo?"

Na hapa, Mungu anisamehe, mdomo ulikwenda mbele yangu kama kawaida yake. "Yupo. Katoka kidogo."

Basi nikaanza peke yangu. Siku ya kwanza nilitoa boneti, betri, maji, rejeta, feni. Nikafungua mabomba mawili yanayopeleka mafuta ya giaboksi kwenye rejeta, nikayaziba kwa vitambaa yasitone. Soketi za waya niliziandikia namba kwa chaki, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumuuliza kesho yake. Siku ya pili nikatoa stata na ekzosi, nikaweka jeki chini ya giaboksi. Fowili ina giaboksi nyingine ndogo nyuma ya ile kubwa, ndiyo inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele, na mzigo huo ukiuacha bila jeki, injini ikitoka unainamisha kichwa kama mtu aliyesinzia kwenye mkutano.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimwona Mkunga anavuka barabara kuja. Nilikuwa mbele ya gari, na pale ukutani palikuwa na viatu vya Kimya. Sikufikiri. Nilivijaza matambara, nikavisukuma chini ya gari juu ya katoni lake, visigino chini, vidole juu, vikitokeza nje kidogo kama zamani. Nikaokota spana nikaanza kuimba.

"Kazi inakwenda?" Mkunga akauliza.

"Inakwenda, mama! Tuko kwenye bolti sasa. Kimya, mwenye gari amefika!"

Mkunga akainama kidogo. "Kimya, hujambo?"

Chini ya gari pakanyamaza.

"Si unamjua, mama," nikasema. "Huyo ukimsalimia leo anaitikia kesho."

"Namjua." Akavitazama viatu muda mrefu. "Mwambie viatu vyake vimechoka."

"Nitamwambia."

Akageuka, akatembea mpaka mlangoni. Hapo akasimama bila kunigeukia.

"Nimetoka kwake sasa hivi, fundi," akasema. "Nimempelekea dawa ya macho. Amekaa barazani kwake na kandambili."

Sikuwa na neno. Andika tarehe.

"Nina mama watatu mwezi huu," akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Mmoja ni wa mapacha. Nikikuta gari hili lina ubovu ambao halikuja nao, sitagombana na wewe. Nitawaambia watu kweli niliyoiona hapa leo, viatu na yote. Wewe unajua watu wanavyopenda habari."

Akaenda. Nikavuta vile viatu, nikatoa matambara, nikavirudisha ukutani. Kisha nikalala kwenye katoni. Katoni lilikuwa na shimo la mabega ya Kimya, na mabega yangu hayakuingia.

Ngoja nikueleze kazi hiyo ikoje kwa mtu mmoja. Unasimama mbele, unaweka spana kwenye puli, unazungusha. Ukiiachia, injini inarudi nyuma kidogo, ina upepo ndani. Unazunguka gari, unalala, unajivuta chini, unachungulia dirishani: bolti haipo, imerudi na injini. Unajivuta nje, unainuka, unazungusha tena, safari hii unaipitisha makusudi ili ikirudi irudie mahali pake. Unalala tena. Ipo nusu. Racheti haikamati. Unainuka. Bolti ya kwanza ilinichukua safari saba. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema waliosema, na hao nadhani walishawahi kushusha otomatiki.

Na nilikuwa naongea. Ningefanyaje? Nilikuwa nasema "leta" nikiwa chini, kisha natoka kwenda mbele kujiletea. Nilikuwa nasema "hapo" na kujijibu "haya". Nilimsimulia Kimya habari za miezi minane, binti wa Mchomeleaji, ugomvi wa wapangaji, yote, kama kwamba yuko pale. Kila bolti iliyotoka niliitupa koponi, kopo lake lilelile la rangi lenye mdomo uliopinda. Moja. Mbili. Katikati ya habari ya wapangaji ikatoka nyingine. Nilipofika mahali nikajiuliza hii ni ya nne au ya tano, nikasema aa, kopo litasema. Nikaendelea. Mchana nilimwaga kopo mkononi, nikahesabu. Sita.

Nikafungua bolti kubwa zinazoshika injini na giaboksi, nikafungua maunti zinazoishikilia injini kwenye fremu, nikafunga mnyororo, nikaanza kuvuta. Winchi inalia tik, tik, tik. Injini ikapanda kidogo, ikakaa mkao wake. Nikaingiza nondo, nikaisukuma mbele. Ufa ukafunguka kati ya injini na giaboksi, upana wa kidole. Nikafurahi. Nikasema kwa sauti, "Unaona?"

Kisha ufa ukagoma. Nikasukuma. Giaboksi ikatikisika pamoja na injini, zote mbili, kama watu wawili walioshikana mikono. Nikainama kutazama, na kwenye ufa nikaona tone jekundu likijikusanya, likanenepa, likaanguka kwenye sakafu.

Mafuta ya konveta.

Nikaiachia nondo kama imenichoma. Nilihesabu upya bolti za koponi. Sita. Nikahesabu tena kwa kuzipanga sakafuni. Sita. Nilikaa chini kwenye lile tairi la kukalia wageni, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilisikia banda lile lilivyo. Kuna bati moja linagonga upepo ukipita. Miaka ishirini na miwili sikuwahi kulisikia.

Ningeweza kulazimisha. Kuna mafundi wangelazimisha. Nikateremsha injini ikakaa juu ya magogo, nikachukua kopo, nikavuka barabara. Kwa Mama Chai watu waliniona napita na kopo la rangi kifuani kama nabeba majivu ya mtu. Hakuna aliyeniita.

Kwa Kimya ni mitaa miwili tu. Miezi minane nilikuwa nazunguka kwa mbali nisipite hapo. Njiani niliandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na machozi mahali pake, ilikuwa na kuapa. Ilikuwa nzuri sana, nikwambie kweli.

Mke wake ndiye aliyekuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Redio," akasema. "Leo umetuletea matangazo gani?"

"Leo sina, shemeji."

"Huna?"

"Sina."

"Basi betri zimekwisha."

"Zimekwisha, shemeji."

Alinitazama usoni, mikononi, kwenye kopo. Akasogea pembeni. Hakusema karibu, lakini alisogea.

Kimya alikuwa amekaa barazani kwenye kigoda, ungo wa maharage mapajani. Alikuwa anachambua. Uso wake uliangalia ukuta wa jirani na vidole vyake vilikuwa vinatembea peke yao kwenye maharage, vinatoa kijiwe, vinatoa bovu, vinaacha zima. Nilisimama mbele yake. Nikashusha kopo kutoka kifuani, bolti zikagongana.

"Kopo langu," akasema.

Nikampa. Alilishika mdomo, akapapasa pale palipopinda. Akamwaga bolti kwenye ukingo wa ungo. Akaichukua ya kwanza, akaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada, akaiweka kulia. Ya pili kulia. Ya tatu. Ya nne alikaa nayo kidogo, akapitisha ukucha kwenye nyuzi zake, akaiweka kushoto. Ya tano kulia, ya sita kulia.

"Hii si yake," akasema kuhusu ile ya kushoto. "Ni ya kile kifuniko cha dirisha. Ndefu, kichwa chembamba. Ulikuwa unaongea."

"Nilikuwa naongea."

"Na nani?"

Nikasema kweli. "Na wewe."

Vidole vikasimama juu ya maharage. Kisha vikaendelea.

"Ulilazimisha?"

"Hapana. Niliona mafuta, nikasimama."

"Mengi?"

"Tone. Labda matatu."

"Basi pampu ni nzima. Isukume irudi yote, ikae sawasawa. Usivute kitu mpaka imekaa. Ndipo uitafute hiyo moja." Akazikusanya bolti tano akazirudisha koponi, na ile ya kushoto akanipa mkononi peke yake. "Usitumie macho. Pale pana kivuli, macho yatakudanganya."

Hapo ndipo mahali pa hotuba yangu. Niliitafuta. Utangulizi haukuwepo, machozi hayakuwepo, kuapa hakukuwepo. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu, na kilikuwa kimenisubiri miezi minane kooni.

"Niliwaambia," nikasema.

Hakujibu. Shemeji ndani aliacha kugongesha vyombo. Kimya alichambua maharage mpaka akamaliza upande mmoja wa ungo, akaupindua, akaanza wa pili. Mimi sikusema tena kitu. Miguu iliniuma, sikusema. Mbuzi wa jirani alipita na kiatu cha mtoto mdomoni, jambo ambalo siku nyingine ningelisimulia wiki nzima, sikusema.

"Kaa," akasema mwishowe. Nikakaa kwenye ngazi.

"Nitakuambia kitu kingine," akasema.

"Usiniambie," nikasema haraka. "Tafadhali. Mimi unanijua."

"Nakujua." Akainamisha kichwa kuelekea mlangoni, akahakikisha shemeji yuko mbali, akaniinamia, na akaniambia. Yalikuwa maneno tisa. Niliyahesabu baadaye, maana nimekuwa nayapitia kila siku. Hata mkewe hayajui.

Unataka kuyajua. Najua unataka, hata mimi ningekuwa wewe ningetaka. Lile la macho limeshatembea mji mzima, ndiyo maana nimelitaja, na ni kosa langu kwa hiyo lazima nilitaje. Hili la pili hapana.

"Utarudi kazini?" nikamuuliza nilipoinuka.

"Nitasikiliza mtaa," akasema. "Mtaa ukiwa kimya, tutaona."

Nikarudi kwa njia ileile. Na wewe unadhani nilipita salama? Mama Chai alikuwa amesimama katikati ya barabara, kitambaa begani.

"Redio! Umeonekana kwa Kimya! Njoo, njoo ukae!"

Na benchi likafunguka. Sijui kama unanielewa. Mchomeleaji alisogea, mwenzake akasogea, pakapatikana nafasi katikati, pale palipokuwa pangu, na glasi ya moto ikaja bila kuagizwa. Nyuso zote zilinigeukia. Miezi minane nilikuwa nimeota nyuso hizo zikinigeukia.

"Enhe," akasema Mchomeleaji. "Anasemaje?"

Nikapuliza chai. Yale maneno tisa yalikuwa yamekaa juu ya ulimi wangu, ya moto kuliko chai. Ningeyasema nusu tu. Ningeyasema kwa mafumbo. Ningesema, "Kuna jambo, lakini sitasema," na hiyo peke yake ingetosha kunipa benchi lile kwa mwezi mzima.

"Anachambua maharage," nikasema.

"Na macho?"

"Anayachambua vizuri."

"Redio, tuambie bwana! Si umekaa huko saa nzima?"

"Nilipeleka kopo lake."

Wakasubiri. Mama Chai alinishika bega, kama mtu anayetikisa redio iliyokwama. Kisha Mchomeleaji akacheka, akasema, "Hii imeharibika, wapeni mafundi," na wengine wakacheka, na taratibu, bila mtu kukusudia, mabega yakageuka, habari ikarudi kwenye mvua. Nilimaliza chai. Nikasema asanteni. Nilipovuka barabara nilisikia kicheko nyuma yangu kikipanda upya, kizuri, cha watu wengi, na sikuwa ndani yake.

Bandani niliisukuma injini mpaka ufa ukafungika wote. Nikafunga bolti mbili kubwa kuishikilia. Nikazungusha injini kutoka mbele, nikaipitisha kidogo mahali inapotakiwa, nikaiachia irudi. Nikalala kwenye katoni. Safari hii sikuchungulia. Nilifumba macho, nikaingiza mkono dirishani, nikapapasa ukingo wa chuma wenye meno. Tundu tupu. Nikatoka, nikazungusha, nikarudi. Tundu tupu. Nilifanya hivyo mara tano, na mara zote tano sikusema neno, na bati lilikuwa linagonga juu yangu. Mara ya sita kidole kikagusa kichwa cha bolti, kifupi, kipana, baridi.

Ilitoka kwa shida. Nilijivuta nje nayo ngumini, nikaiweka juu ya kopo, nikaiachia. Ngwi.

"Sita," nikasema.

Hakuna aliyepiga makofi.

Nikavuta. Injini ikasogea mbele, ikajitenga polepole, upana wa kidole, upana wa kiganja, ikapanda na kuning'inia kwenye mnyororo ikizunguka kidogo. Nyuma yake konveta ilibaki imekaa kwake, kavu, inang'aa.

Mkunga alikuja kesho yake. Aliitazama injini juu ya meza, akaingiza kichwa akaitazama giaboksi, akapitisha kidole chini ya konveta akakiangalia. Hakikuwa na mafuta.

"Kimya yuko wapi?" akauliza.

"Kwake," nikasema.

Akasubiri niendelee. Sikuendelea. Akafuta kidole kwenye kitambaa changu, akasema, "Nitakuja Jumatatu, si hii, ile inayofuata," na akaenda zake kwa miguu.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu gari lije. Injini ya Mkunga imeshapona, iko tayari kurudi kwenye gari lake, na kurudisha nako ni bolti sita, leta, hapo. Naweza kuzifunga mwenyewe, nimeshajua safari zake. Lakini Jumatatu ni keshokutwa, na sijaanza. Nimefagia. Katoni nimelipiga vumbi nikalirudisha chini ya gari, viatu nimevipaka dawa na kuviweka mlangoni, vimeelekea ndani. Maneno tisa bado ninayo yote. Na ule mtaa, toka asubuhi nausikiliza, nao hauna la kusema juu ya Kimya.